Ng'ombe wa Saluni

Tonge la pilau lilikuwa halijafika mdomoni Kabula aliposikia wimbo wake ukitoka kwenye koo la mtu mwingine.

Ilikuwa harusini, Bariadi mjini, na aliyeshika kipaza sauti alikuwa Ngusa wa Mkula, kijana mrefu mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni na majivuno ya kumrudisha. Alizunguka meza ya maharusi akiimba: "Ng'ombe wa saluni mweupe, kengele yake tuliizika, nani atatuamsha asubuhi?" Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakatingisha vichwa kwa raha, wakasema kijana huyu wa kisasa kweli, amempeleka hata ng'ombe saluni.

Kabula alirudisha tonge kwenye sahani. Mstari ule aliutunga yeye, jikoni kwa mama yake huko Migato, akipepeta mtama, na haukuwa na saluni yoyote ndani yake. Ulisema: "Ng'ombe wa Salu ni mweupe." Salu alikuwa baba yake. Siku alipozikwa, mama yake alimvua yule ng'ombe mweupe kengele shingoni akaifukia kaburini kwa mumewe, na habari hiyo haikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yao. Kabula mwenyewe alikuwa bado hajaamua kama atauimba mbele za watu au ataubakiza uwe wa jikoni. Sasa watu mia mbili walikuwa wanautafunia nyama. Aliona aibu na hasira kwa pamoja, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu akiwa na povu machoni.

Kibaya zaidi ni macho ya wenzake. Usukumani ngoma ina pande mbili tangu zamani, Bagika na Bagalu, na wanaposhindana huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa kuimba, kila manju na vituko vyake. Hakuna jaji wala karatasi ya alama. Watu huenda kwa miguu yao kwenye raha zaidi, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kabula alikuwa manju wa Bagika wa Migato, mwanamke wa kwanza kushika usinga wa kikundi hicho. Ngusa alikuwa manju wa Bagalu. Na mwezi uliopita Ngusa huyo huyo alikuwa ametuma mshenga nyumbani kwa kina Kabula, na jibu la posa lilikuwa bado halijatoka. Kwa hiyo Ngusa alipoendelea na mistari mingine mitatu ya Kabula, waliyoijua tangu mazoezini, Bagika wote waliokuwa harusini walimgeukia Kabula, na hakuna aliyehitaji kusema neno.

Neno lilisemwa kesho yake, na aliyelisema ni Mzee Limbu, mwenyekiti wa kikundi, kaka yake marehemu Salu.

"Mwangaluka, baba," Kabula alimwamkia akipiga goti.

"Mwangaluka mhola, ng'wanone. Kaa hapo, mwanangu." Mzee Limbu hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi sisemi kwamba umempa yule kijana nyimbo zetu. Nasema mapenzi yana mdomo, na mdomo hauna kufuli."

"Sijampa hata kiitikio, baba."

"Wenzako wawili wanasema ni dawa. Eti Bagalu wamefunga dawa ya kusikia kupitia ukutani, tukatafute ya kuiziba." Alikohoa, na ilionekana wazo lile halimchukizi sana. "Mimi nasema hivi. Jumamosi tunakutana nao uwanjani Bariadi. Tukishindwa kwa wimbo wetu wenyewe, usinga huo utaurudisha mikononi mwangu mbele ya watu, na hutaushika tena."

Kabula alirudi nyumbani mwendo wa kukimbia. Usinga ule haukuwa manyoya tu kwake. Alikuwa ameutolea jasho kwa kuimba mashambani, kwenye minada ya ng'ombe, kwenye misiba, akichekwa na wanaume waliodai koo la mwanamke ni la kubembelezea watoto. Kuupoteza kwa kushindwa angevumilia. Kuupoteza kwa kuitwa msaliti, hapana.

Mama yake alikuwa jikoni, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akisugua nyufa za kisigino kwa jiwe. Jina lake lilikuwa Shida. Alizaliwa mwaka wa njaa, na wazazi wake wakaona wasiufiche. Lakini tangu Kabula azaliwe wengi walimwita Mama Kabula, na mtu wa kuja kuoa ndiyo kabisa, hakuruhusiwa hata kulijua hilo jina lingine, kwa maana mkwe hatajwi.

"Mama, ameimba saluni."

"Nani kaenda saluni?"

Kabula alimweleza, na alipokuwa akieleza, kitu kikamgonga. Msukuma gani asikie Salu aandike saluni? Salu wamejaa tele, kila kijiji kina wake watatu. Tena Ngusa aliimba mistari minne ya Kabula pale harusini, na yote ilikuwa ya Kiswahili, vile vijembe wanavyoweka siku hizi ili hata walimu na manesi kutoka mbali wacheke. Mistari ya Kisukuma, ile mitamu yenyewe, haikuguswa. Ni mwizi gani huyo anaingia zizini, anaacha dume la mbegu, anaondoka na ndama?

"Mwizi hajui Kisukuma," alisema. "Mama, aliyetuibia hajui Kisukuma. Tena alikuwa hapa jikoni."

"Hapa jikoni hajaingia mtu asiyejua Kisukuma," alisema Shida. "Labda yule jogoo wa kununua."

Mlango ukafunguka, akaingia Boniventura.

Huyu alikuwa mtoto wa kaka yake Shida, aliyerudi kutoka Dar es Salaam na viatu vyeupe visivyofaa popote Itilima, na miwani. Miwani yenyewe ilikuwa nzuri, myeusi, fremu nene. Kampuni fulani ilikuwa imempa bure, sharti aivae kila aendako. Ilikuwa na kamera na spika ndogo kwenye mkono wake, na ndani kulikuwa na msaidizi wa kuongea naye.

"Shikamoo shangazi." Kisha akagusa mkono wa miwani kwa madaha. "Niko kwa shangazi Shida hapa Migato."

Miwani ikajibu kwa sauti ya dada wa benki: "Pole sana kwa shida anayopitia shangazi yako. Ungependa tutafute suluhisho pamoja?"

Boniventura akacheka. Shida akacheka pia, ingawa hakupenda kupewa pole kwa jina lake mwenyewe. Kabula hakucheka. Alimtazama binamu yake usoni, akaona kona ya fremu imebandikwa kipande kidogo cha plasta.

"Hiyo plasta ya nini, Boni?"

"Aa, kuna kataa kadogo huwa kanawaka ikirekodi. Watoto walikuwa wananifuata kama inzi, nikakaziba."

"Sasa hivi inarekodi?"

"Muda mwingi inarekodi, dada. Ndiyo kazi yake. Inajifunza maisha ya watu, ndiyo maana nimepewa bure. Wala hakuna mtu anayeangalia."

Kabula alinyoosha mkono, na Boniventura, ambaye tangu utotoni alikuwa akimwogopa, akampa simu iliyounganishwa na miwani. Humo zilikuwa zimepangwa picha zao. Jikoni. Zizi. Mzee Limbu akipiga miayo mazoezini. Yeye mwenyewe na ungo wa mtama, mdomo wazi, akiimba. Kisha mama yake, ameketi hivyo hivyo alivyoketi, beseni miguuni, khanga imemshuka mpaka kiunoni kwa sababu ya joto na kwa sababu alijua yuko kwake. Chini ya picha mtu asiyejulikana, mahali pasipojulikana, alikuwa ameandika: mwanamke mzee, beseni, moshi.

"Umesema hakuna anayeangalia. Huyu aliyeandika ni nani?"

Boniventura alisoma mara mbili. Haki ya Mungu hakuwa anajua.

Shida aliomba aoneshwe. Aliitazama picha kwa muda, akapandisha khanga aliyovaa mpaka shingoni, kama vile angeweza kumfunika na yule wa kwenye kioo. "Mzee mama yake," alisema, lakini sauti haikuwa ya utani. Kabula alimjua mama yake. Ameumia.

"Na Ngusa anayo miwani hii?" aliuliza.

"Hana. Ila ana huyu msaidizi kwenye simu, mimi ndiye niliyemwekea tulipokutana Lamadi. Ni mmoja tu, sote tunamtumia. Anatunga hata mashairi."

"Mwambie akutungie ya ngoma. Yenye ng'ombe."

Boniventura akamwambia. Wakasubiri wote watatu, vichwa vimegusana juu ya simu, na maneno yakaanza kutiririka kiooni. Mstari wa tatu ulisema: ng'ombe wa saluni mweupe, kengele yake tuliizika.

Kabula alipiga ukelele uliomtoa jogoo wa kununua mlangoni. Amempata. Alitaka kuikimbiza simu ile ile kwa Mzee Limbu, lakini Boniventura, kwa kujaribu, aliuliza tena, na safari hii mashine ikatoa mstari kuhusu mbuzi na mvua. Ya tatu ikatoa kitu kuhusu umoja na maendeleo. Mashine haikuwa na aibu wala kumbukumbu ya ilichosema. Mzee Limbu angeoneshwa mbuzi na mvua, angesema wamemwona mtoto.

"Basi aimbe mwenyewe," alisema Kabula taratibu. "Ngusa aimbe mwenyewe, uwanjani, kitu ambacho kila mtu atajua si chake."

Hapo wazo likamjia lote kwa mpigo, likamchekesha kabla hajalisema. Ngoma zao zina desturi moja isiyorukwa: manju akiingia hujitambulisha kwa wazazi wake, mimi mtoto wa fulani, nimezaliwa na fulani. Mashine haikujua kwamba Salu ni mtu. Na sasa hivi tu, imempa mama yake pole kwa jina lake.

"Mama, nataka nikuombe kitu. Nataka nikuimbe. Jina lako. Mbele ya hiyo miwani."

Alimweleza. Boniventura alishika kichwa. Shida alisikiliza mpaka mwisho, akatoa miguu kwenye beseni moja moja, akaikausha.

"Kule mwanzo nilichukuliwa," alisema. "Safari hii nimeombwa. Imba, mwanangu. Tena nitamke vizuri."

Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa na mazoezi ya aina mbili. Ya kweli yalifanyika porini nyuma ya mashamba ya pamba, kwa Kisukuma kitupu, na miwani wakati huo imelala ndani ya debe la mtama, mfuniko juu. Ya uongo yalifanyika jikoni. Boniventura, aliyekuwa sasa na bidii ya mtu anayelipa dhambi, aliketi kigodani na miwani yake usoni, na Kabula akamwimbia kwa Kiswahili cha taarifa ya habari: "Mimi ni mtoto wa Shida, Shida alinizaa, Shida alinibeba mgongoni, Shida ndiye aliyenifunza kuimba." Aliimba asubuhi, akaimba jioni. Kila alipomaliza, mama yake aliitikia kutoka mekoni: "Kweli kabisa." Mzee Limbu hakuambiwa. Siri kwa Mzee Limbu ilikuwa kama maji kwenye tenga.

Jumamosi Bariadi ilijaa. Waliokwisha kuuza pamba walikuja na shati jipya, wasiouza walikuja na la zamani, na vumbi likawapaka wote rangi moja. Malori yaliwashusha watu wa Meatu, Itilima na Busega, na Migato walikuja karibu wote, Shida akiwa mbele na khanga mpya begani.

Ngoma zikalia pande zote mbili kwa pamoja. Kabula aliingia na usinga mkononi, miguu haihisi ardhi. Alianza kwa Kisukuma na watu wakamjia, mia, mia mbili, wakampigia miluzi. Kisha upande wa pili Ngusa akafunua kapu, akatoka na chatu mzima shingoni. Watu wakapagawa. Nusu ya waliokuwa kwa Kabula walikimbilia kule, na wengine wakafuata kwa kuona wenzao wanakimbia.

Kabula aliimba kwa nguvu zaidi. Jasho lilimwingia machoni. Alimwona Mzee Limbu amesimama mikono nyuma, akiutazama usinga kama mtu anayetazama jembe lake lililoazimwa. Na kama Ngusa hakuuliza mashine? Kama ilimpa mbuzi na mvua? Ghafla mpango wote ulionekana wa kitoto.

Ngusa alimpa msaidizi wake chatu. Akainua mkono, ngoma za Bagalu zikashuka chini, na uwanja mzima ukajua kwamba sasa manju anajitambulisha. Kabula naye akashusha usinga, wapigaji wake wakanyamaza.

"Mimi ni mtoto wa Shida," Ngusa aliimba, macho amefumba kwa utamu. "Shida alinizaa, Shida alinibeba mgongoni."

Watu wa Busega waliguna kwa huruma. Mzee Limbu alifungua mdomo, akamgeukia Kabula, akamgeukia Ngusa, na mdomo ukabaki wazi.

"Shida ndiye aliyenifunza kuimba."

Mtu mmoja wa Migato alicheka. Kisha wawili. Kisha Migato yote ikaanguka kicheko, watu wakishikana mabega, na waliokuwa karibu wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakawaambia wengine, kicheko kikazunguka uwanja kama moto kwenye mabua. Ngusa alifumbua macho. Alidhani wanamfurahia, akarudia ubeti.

Hapo Shida akaingia uwanjani. Alitembea taratibu mpaka mbele ya kijana, akavua khanga begani, akaikunjua, akamgeuzia mgongo na kuinama, kama mama anavyoinama ili mtoto apande abebwe.

"Njoo, mwanangu," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye malori. "Ndiye mimi Shida, mama yake huyu." Alimwonesha Kabula kwa kidole. "Sikujua nilizaa mwingine Mkula."

Kilichofuata hakikuwa kicheko tena, ilikuwa ngurumo. Ngusa alielewa kila kitu kwa wakati mmoja: kwamba amemtaja mkwe wake kwa jina mbele ya Simiyu nzima, na kwamba amejitangaza kaka wa msichana anayemposa. Kabula hakumpa nafasi. Aliinua usinga, ngoma zake zikalipuka, na kwa Kisukuma, papo hapo, akatunga wimbo wa kumkaribisha nyumbani kaka aliyepotea, anayelelewa na simu. Watu walivuka. Walivuka kwa mamia, wakikimbia, wanawake na watoto mgongoni, vijana na baiskeli, mpaka upande wa Bagalu wakabaki wapigaji ngoma na chatu. Kabula alilia akiimba, na hakuona haya.

Mzee Limbu alikuja mwenyewe kumfuta vumbi usoni. "Kwa hiyo lilikuwa lile dude la Boni," alisema alipoelezwa. "Na mimi nilikuwa nimeshaongea na mganga."

Jioni Ngusa alifika Migato, hana kipaza sauti wala majivuno. Alisimama nje ya ua mpaka alipokaribishwa. Aliapa kwamba hakujua. Aliiomba mashine nyimbo, ikampa, ikamwambia imetunga yenyewe. Kabula alimwamini, na kumwamini hakukupunguza hasira yake yote.

"Ulikuwa na haja gani ya kunitumia mshenga," alimwambia, "kama hata wimbo huwezi kuutafuta mwenyewe?"

"Na posa?"

"Hatuozi dada kwa kaka," alidakia Shida kutoka ndani. "Mavuno yajayo njoo na maneno yako mwenyewe, tutakusikiliza. Lakini ng'ombe wako hata sasa unaweza kuwaleta, si ni mali ya mama yako?"

Walicheka wote, hata Ngusa, kicheko cha mtu anayemeza dawa.

Boniventura alikuwa anaifungia miwani ndani ya boksi lake kuirudisha. Alikuwa ameomba picha zote zifutwe, na akajibiwa kwamba ombi limepokelewa, basi. Kabla hajafunga, akaivaa mara ya mwisho.

"Shida wa Migato ni nani?" aliiuliza.

Mchana kule uwanjani simu zilizorekodi zilikuwa nyingi kuliko watu. Miwani haikusita. "Shida wa Migato ni mama mzazi wa manju Ngusa wa Mkula."

Kabula alicheka mpaka akaketi chini. Alipofuta machozi alimwona mama yake hacheki. Ameinama karibu na ile miwani, anaitazama kwa makini, kama mnunuzi anavyomtazama ng'ombe meno.

"Iulize mama yake Kabula ni nani."

Boniventura akauliza. Wote wakasubiri, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Kabula alisikia sauti ya nyenje wa usiku.

"Samahani," ikasema, "sina taarifa hizo."

Shida akanyooka, akajifunga khanga yake vizuri. "Basi hiyo habari tusiipe, ibaki yetu," alisema, akaingia jikoni kumpakulia mwanawe chakula.